Koukouzelis hakubuni alama za muziki

Makala moja inasema eti Ioannis Koukouzelis, mtunzi na mwimbaji, ndiye aliyebuni alama za kuandikia nyimbo za kanisa la Bizanti (dola ya Kirumi ya Mashariki)? Hapana, mwandishi hapo ameteleza. Alama zilikuwa zikiandikwa tangu karne ya 10, na huyu bwana aliishi karne ya 13 na 14, hadi akawa mtawa wa Lavra Kuu, monasteri iliyo kule Mlima Athos, Ugiriki. Kazi yake naiona kubwa kuliko hiyo ya kubuni. Wimbo wake wa kufundishia, Mega Ison, una majina ya alama badala ya maneno ya sala: ukiimba "ison" sauti inabaki palepale, ukiimba "oligon" inapanda hatua moja, na kuendelea. Mwanafunzi anajifunza kusoma huku anaimba, na mimi nimefundishwa hivyohivyo. Halafu kuna zile kratima zake, yaani vipande virefu vya kuimba silabi zisizo na maana, "te-ri-rem" tupu bila neno hata moja, ambazo makala imezipita kimyakimya ilhali zilichangia kubadilisha uimbaji wa mikesha. Kuna yeyote hapa aliyewahi kuisikia moja ikiimbwa ibadani hadi mwisho, bila kufupishwa?