Wazee wa Hawthorn walikwenda kulea watoto wa wengine

Oktoba 2016 klabu ya Hawthorn iliwaachia Sam Mitchell na Jordan Lewis waondoke katika dirisha moja la usajili. Mwaka uliofuata Luke Hodge naye akaaga. Kwa pamoja watatu hao walikuwa wameichezea klabu hiyo ya jiji la Melbourne mechi 876, na kila mmoja wao ana medali 4 za ubingwa wa AFL, ligi kuu ya soka la Australia: 2008, 2013, 2014 na 2015. Mpaka leo mashabiki wanabishana kuhusu uamuzi ule, na wengi wanasema kosa lilikuwa kuwaacha waende. Mimi naona wakongwe wale wangeweza kuondoka bila klabu kuumia hivyo, kama nyuma yao wangekuwepo makinda wa kupokea kazi. Hawakuwepo, na hapo ndipo ninapoilaumu Hawthorn.

Kwa msomaji aliyezoea soka, lazima kwanza nieleze kwa nini jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. AFL ina timu 18. Kila timu huingiza watu 18 kwenye uwanja mpana wenye umbo la yai, na mpira ukipigwa ukapita kati ya nguzo mbili ndefu ni pointi 6, ukipita kando yake ni pointi 1. Hayo ni rahisi kuyazoea. Kigumu ni usajili. Klabu ya AFL haiwezi kufungua pochi ikamnunua mchezaji kwa fedha taslimu. Mara nyingi klabu hubadilishana mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa zamu ya kuchagua makinda kwenye drafti ya mwisho wa mwaka, ambako timu iliyoshika mkia ndiyo hupewa zamu ya kwanza. Juu ya hapo kuna ukomo wa mishahara unaozibana klabu zote sawa. Kwa hiyo mkongwe akiondoka, mara nyingi pengo lake huzibwa na kinda mliyemlea wenyewe, au na mtu mliyempata kwa kutoa zamu zenu za kesho. Tajiri wa kuja kuwaokoa hayupo.

(Na mchezo huu hauko mbali nasi kama wengi tunavyodhani. Aliir Aliir, beki aliyeingia kwenye kikosi bora cha ligi nzima mwaka 2021 akiwa na Port Adelaide, alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya.)

Sasa turudi 2016. Hawthorn walikuwa wametoka kubeba ubingwa mara 3 mfululizo chini ya kocha Alastair Clarkson. Fainali ya 2014 waliwafunga Sydney kwa tofauti ya pointi 63, tena Sydney wakiwa na Lance Franklin, mshambuliaji ambaye Hawthorn yenyewe ilimpoteza mwisho wa 2013. Msimu wa 2016 wakamaliza nafasi ya 3. Katika hatua ya mwisho, yaani mchujo wa timu za juu kuelekea fainali, Geelong wakawashinda kwa pointi 2 tu, mechi ambayo Isaac Smith alipiga mpira wa mwisho wakati king'ora kimeshalia na akakosa. Wiki iliyofuata Western Bulldogs wakawatoa kwa tofauti ya pointi 23, kisha wakaenda kubeba ubingwa wao wa kwanza tangu 1954.

Clarkson aliona mwisho unakuja. Mitchell alikuwa anafikisha miaka 34, Hodge ana 32, Lewis ana 30. Kasi katikati ya uwanja ilikuwa inapungua, na kila mwaka timu za vijana zilikuwa zinaongeza mbio. Simlaumu kwa kuona hivyo, maana kocha anayesubiri wakongwe wake wachoke wote siku moja hafai kuwa kocha. Tena aliyaona akiwa bado juu, wakati makocha wengi hukubali mambo hayo wakishaporomoka.

Lakini tazama alichofanya na nafasi zile. Mitchell alikwenda West Coast na Lewis akaenda klabu iitwayo Melbourne, na kilichorudi Hawthorn ni zamu za chini kabisa kwenye drafti, ambazo ni karibu na bure. Kumbuka kwamba msimu uleule Mitchell ndiye aliyeshinda tuzo ya mchezaji bora wa klabu, kwa mara ya 5. Tuzo hiyo ina jina la Peter Crimmins, nahodha aliyeachwa nje ya fainali ya 1975 alipokuwa akipambana na saratani, akafariki mwaka uliofuata, siku chache baada ya wenzake kutwaa kombe la 1976. Klabu inayotunza jina lile kwenye tuzo yake kubwa inajua uzito wa kumwambia mtu wake kwamba nafasi yake imekwisha.

Waliokuja ni Tom Mitchell kutoka Sydney, Jaeger O'Meara kutoka Gold Coast na Ty Vickery kutoka Richmond. Wote walikuwa watu waliokwisha kupikwa kwingine. Ili kumpata O'Meara, ambaye alikuwa amekaa nje misimu miwili kwa goti, Hawthorn walitoa hata zamu yao ya kwanza ya drafti ya 2017. Yaani waliondoa wazee na hapohapo wakatoa watoto ambao hawajazaliwa bado. Kikosi kikabaki na tabaka la kati tu, bila wa juu wa kufundisha wala wa chini wa kufundishwa.

Msimu wa 2017 ulijibu mapema. Walipoteza mechi 4 za mwanzo, mbili kati ya hizo, dhidi ya Gold Coast na Geelong, kwa tofauti ileile ya pointi 86 wiki mbili mfululizo. Vickery alicheza mechi chache tu akastaafu. Jarryd Roughead, aliyekuwa ametoka kutibiwa saratani ya ngozi, alipewa unahodha katika mwaka ule mgumu na akaubeba kwa heshima kubwa. Natamani angepewa timu yenye watu wa kumsaidia. Wakamaliza nafasi ya 12.

Nikiri upande wa pili, kwa sababu ni wa kweli: Tom Mitchell alikuwa usajili mzuri mno. Mwaka 2018 alifungua msimu kwa kuugusa mpira mara 54 katika mechi moja, rekodi ya ligi, na akachukua medali ya Brownlow, ambayo ndiyo tuzo ya mchezaji bora wa AFL. Hawthorn walirudi nafasi ya 4 mwaka huo. Wapo wanaosimama hapo na kusema, si mnaona, Clarkson alikuwa sahihi. Mimi naangalia kilichofuata: hatua ya mwisho ya 2018 walipigwa mechi mbili mfululizo wakatoka, kisha mguu wa Tom Mitchell ukavunjika mazoezini mwanzoni mwa 2019, na nyuma yake hapakuwa na kinda aliyelelewa kwa nafasi ile. Timu ikaanza kushuka, na mwisho wa 2021 Clarkson mwenyewe akaondoka.

Kinachoniuma zaidi ni kile wazee wale walichofanya huko walikokwenda.

Sam Mitchell alicheza msimu mmoja West Coast akatundika daluga, akabaki hapohapo kama kocha msaidizi. Mwaka 2018 West Coast wakawa mabingwa, wakiwashinda Collingwood kwa pointi 5. Jordan Lewis alikuta Melbourne timu ya vijana ambayo haikuwa imefika hatua ya mwisho tangu 2006. Mwaka 2018 walifika, wakaingia hadi nusu fainali. Hodge alikuwa ametangaza kustaafu, akabadili nia na kwenda Brisbane, timu iliyoshika mkia mwaka 2017, ambako kocha alikuwa Chris Fagan, mtu aliyefanya naye kazi miaka mingi Hawthorn. Alicheza misimu miwili akiwapanga mabeki wachanga kama Harris Andrews, akipiga kelele mechi nzima, akiwaonyesha pa kusimama. Mwaka 2019 Brisbane walimaliza nafasi ya 2.

Sisemi kwamba mtu mmoja alizipandisha timu tatu hizo peke yake. Kila moja ilikuwa na kocha wake na vipaji vyake. Ninachosema ni kwamba zote tatu zilikuwa na vijana waliohitaji mtu wa kuwashika mkono, na zote zilimpata mtu huyo kutoka chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Thamani ya mkongwe wa miaka 33 haimo tena miguuni. Imo kwenye macho yake, kwenye namna anavyojua mpira utaangukia wapi kabla haujaanguka, na kwenye mdomo wake anapomwambia kijana wa miaka 19 hivyo kabla hajakosea. Thamani hiyo huonekana tu pale anapokuwepo wa kuipokea. Hawthorn ya 2016, baada ya miaka ya ubingwa na zamu za nyuma kwenye drafti, haikuwa na wapokeaji wa kutosha, na badala ya kuwatafuta ikawauza walimu.

Ndiyo maana ninaheshimu sana yaliyofanyika 2022, tena yakifanywa na Sam Mitchell huyohuyo, safari hii akiwa kocha mkuu wa Hawthorn. Mwisho wa msimu wake wa kwanza Tom Mitchell alikwenda Collingwood, O'Meara akaenda Fremantle, Jack Gunston akaenda Brisbane, na nahodha Ben McEvoy akastaafu. Kelele zilikuwa kubwa kuliko za 2016. Tofauti ni kwamba nafasi zilikwenda kwa makinda. Jai Newcombe, aliyepatikana kwenye drafti ndogo ya katikati ya msimu wa 2021, akapewa kazi ya kiungo. Will Day, Josh Ward, Cam Mackenzie na Josh Weddle wakaachwa wacheze, wakosee, wacheze tena. James Sicily akakabidhiwa unahodha. Msimu wa 2023 walimaliza nafasi ya 16. Mwaka 2024 walianza kwa kupoteza mechi 5, kisha wakashinda 14, wakamaliza nafasi ya 7, wakawatoa Western Bulldogs na wakakwama kwa Port Adelaide kwa pointi 3 tu. Mwaka 2025 wakafika nusu fainali dhidi ya Geelong.

Na hata katika ujenzi huo, Mitchell hakufuta wazee wote. Luke Breust, bingwa wa 2013, 2014 na 2015, alibaki. Gunston alirudishwa baada ya mwaka mmoja tu Brisbane, na mwaka 2025 ndiye aliyeongoza kwa mabao kwenye timu ambayo nusu yake ilikuwa bado shuleni yeye akicheza fainali. Mshambuliaji mchanga kama Nick Watson akisimama karibu na mtu wa aina hiyo kila wiki, anajifunza mambo ambayo hakuna kocha anayeweza kuyachora ubaoni.

Najua nitaambiwa habari za Geelong. Wao walibeba ubingwa wa 2022 wakiwa na kikosi kilichozeeka kuliko chochote kilichowahi kucheza fainali ya ligi hiyo, wakawapiga Sydney kwa pointi 81, na mchezaji bora wa fainali alikuwa Isaac Smith, mwenye miaka 33, yuleyule aliyekosa mpira wa mwisho akiwa Hawthorn. Joel Selwood alistaafu siku chache baadaye akiwa na mechi 355. Ni kweli, na nawapongeza. Lakini Geelong nao waliwahi kuwa wakali: mwaka 2015 waliwaambia Steve Johnson, James Kelly na Mathew Stokes kwamba hawatapata mikataba mipya, na wote walikuwa mabingwa. Kocha wao Chris Scott aliweza kuwatunza wazee wa 2022 kwa sababu aliwapumzisha kwa zamu msimu mzima, na mechi walizopumzika zilichezwa na vijana. Kwake mkongwe na kinda walipishana kwenye nafasi moja kwa miaka, mpaka mmoja akatoka na mwingine tayari anaijua.

Kwa hiyo Oktoba 2025 niliposikia kwamba Hawthorn wanamtaka Zach Merrett, nahodha wa Essendon aliyekuwa ametimiza miaka 30, na kwamba wako tayari kutoa zamu zao za kwanza za drafti, roho yangu ilisononeka. Ni mchezaji mzuri sana, sina neno dhidi yake. Essendon walikataa, dirisha likafungwa, na mashabiki wengi wa Hawthorn wakakasirika. Mimi nilifurahi. Breust ameshastaafu, na Gunston hana misimu mingi iliyobaki. Zamu zile ndizo zitakazoleta vijana wa kukaa karibu naye kabla hajaondoka.