Milipuko peke yake haiamshi kilicholala

Eti mfululizo wa filamu za kisayansi uliolala miaka mingi hauamki bila pesa na milipuko kupita ile ya zamani. Ndivyo anavyodai mwandishi wa makala moja niliyoisoma. Mimi nakataa. Predator, filamu ya kiumbe wa angani anayewinda watu, ilitoka 1987, zikafuata nyingine zilizozidi kunichosha, mpaka mwongozaji Dan Trachtenberg alipoleta Prey, ya mfululizo huohuo, mwaka 2022. Alifanya nini? Aliirudisha hadithi hadi 1719, akamwacha binti wa Kikomanchi, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, porini na mbwa wake na shoka alilolifunga kamba, alirushe na kulivuta. Tena ikatolewa na sauti za Kikomanchi kwa anayetaka. Ile ya kwanza, ya 1987, niliiona Arua, Uganda, kwenye kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, VJ, yaani msimulizi wa filamu, akitafsiri kwa Kiganda ambacho nilikijua nusu nusu, akimtilia yule mwindaji maneno ambayo hakuyasema kamwe. Jenereta likazima pale shujaa amejipaka matope, na hakuna aliyetoka. Tulikaa gizani tukibishana kama mwindaji atamwona au la. Tuliyekuwa tunahofia maisha yake ni mtu mmoja tu pale kwenye matope, vyombo vya angani hata hatukuvijali. Vijana wa leo wanaotazama kwenye simu hawana tofauti na sisi, wape mtu wa kuhofia maisha yake. Nyie mliokulia vibandani, mngeamsha filamu gani, na mngempa VJ yupi aitafsiri?