Neno "tumekoseana" halifai Tulsa

Aprili 2002, chombo cha ushirikiano wa dini katika jiji la Tulsa, Oklahoma, kinachoitwa Tulsa Metropolitan Ministry, kiligawa dola 28,000 zilizochangwa na watu binafsi. Zilikwenda kwa wazee walionusurika mauaji ya mwaka 1921, Wazungu walipouteketeza Greenwood, mtaa wa Weusi wa jiji hilo; kila mmoja akapata dola 200 na kidogo. Fedha hizo hazifiki senti mbili kwa kila dola ya madai waliyoyafungua watu wa Greenwood baada ya kuchomewa mali zao, na hapo hujahesabu riba ya miaka 81. Hata hivyo, nakiona kitendo kile kizito kuliko ibada nyingi za maridhiano zilizofanyika Tulsa kabla na baada yake. Aliyedhulumiwa alitajwa kwa jina, akawekewa kitu mkononi, na hakutakiwa kusema "nimesamehe" kwanza.

Mwaka mmoja kabla yake, Februari 2001, tume ya jimbo la Oklahoma iliyochunguza mauaji hayo ilikuwa imetoa ripoti, na pendekezo lake la kwanza lilikuwa manusura walipwe moja kwa moja. Bunge likakubali ufadhili wa masomo na bustani ya kumbukumbu. Manusura wakapewa medali. Fedha taslimu, hapana.

Kwa asiyejua habari yenyewe: kijana Mweusi mng'arisha viatu, Dick Rowland, alituhumiwa kumshambulia binti wa Kizungu ndani ya lifti, tuhuma ambayo baadaye ilifutwa. Usiku wa 31 Mei kuamkia 1 Juni 1921, umati wa Wazungu, baadhi yao wakiwa wameapishwa na polisi kuwa askari wa dharura, uliingia Greenwood, mtaa wa Weusi uliokuwa na maduka, hoteli na ofisi za madaktari na mawakili wao wenyewe. Vitalu 35 vya majengo viliteketea. Shirika la Msalaba Mwekundu lilihesabu nyumba 1,256 zilizochomwa. Tume ya 2001 ilikadiria kwamba waliokufa huenda walifika 300. Maelfu ya Weusi walikusanywa kambini kwa mtutu wa bunduki, na kutoka ilihitajika Mzungu amdhamini mtu.

Sasa nirudi kwenye neno la kichwa cha habari. Kiswahili kina kiambishi kidogo, -an-, kinachofanya kitendo kiwe cha pande mbili. Wamepigana. Wamekoseana. Tusameheane. Mhubiri akisimama katika ibada ya kumbukumbu akasema watu wa mji ule "walikoseana", amekwisha kuifuta habari nzima kwa silabi moja, maana Greenwood haikukosana na mtu, ilichomwa. Hili si suala la sarufi peke yake. Kwa miongo mingi tukio liliitwa ghasia, na ghasia ni za pande zote. Kampuni za bima zilikuwa na kifungu kinachosema mali iliyoharibiwa katika ghasia hailipwi, kwa hiyo jina lile liliwanyima watu fidia. Tume iliyoandaa kumbukumbu ya miaka 100 ilibadili jina mwaka 2018, ikaacha "ghasia" na kuandika "mauaji ya halaiki". Kanisa ambalo bado linasema "yale machafuko" halijaanza toba.

Na makanisa yana lao la kutubu. Jumapili ya 5 Juni 1921, majivu hayajapoa, Askofu Edwin Mouzon wa Wamethodisti Wazungu wa Kusini alihubiri katika kanisa la Boston Avenue. Lawama akaitupia W.E.B. Du Bois, msomi Mweusi aliyekuwa amezuru Tulsa miezi michache kabla, kana kwamba kudai haki ndiko kulikowasha moto. Mahubiri yale yalichapwa gazetini. Palikuwa na waliotenda vingine: Charles Kerr, mchungaji wa First Presbyterian, alifungua chumba cha chini cha kanisa lake akawaficha waliokimbia. Mazuri haya yasimuliwe, lakini yakae nafasi yake. Makosa yanayoonekana mara kwa mara katika maadhimisho ni kumpa Kerr dakika kumi na Mouzon nusu dakika.

Upande wa pili, Kanisa la Kibaptisti la Mount Zion lilikuwa limefungua jengo jipya la takriban dola 92,000 tarehe 4 Aprili 1921. Halikumaliza miezi miwili. Uvumi ulienea kwamba ndani mna silaha, likachomwa. Bima haikulipa, na deni la ujenzi lilibaki shingoni mwa waumini wasio na nyumba. Walishauriwa wafilisike, wakakataa, wakalilipa lote, na jengo jipya likawekwa wakfu mwaka 1952. Kanisa la Vernon AME, la Wamethodisti Weusi, lilibakiwa na chumba cha chini tu, na waumini wakajenga upya juu yake. Mtu anayetaka kujua maridhiano yangegharimu nini aanze na deni lile la Mount Zion, kwa sababu waliokuwa na uwezo mjini wa kusaidia kulilipa wanajulikana.

Dini zetu hazituachi gizani kuhusu hatua. Mkatoliki anajua toba ni kujuta, kuungama na kufanya malipizi. Mwislamu anajua kwamba kosa linalogusa haki ya mja haliishi kwa istighfari, yaani kumwomba Mungu msamaha, mpaka haki irudi kwa mwenyewe au mwenyewe aridhie. Kitabu cha Hesabu katika Biblia, sura ya 5, kinamtaka aliyekosa arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Hakuna hata mmoja aliyesema tuimbe pamoja kwanza.

Kwa hiyo usharika wa Kizungu unaotaka kweli kushughulikia jambo hili uanze kabatini. Toa daftari la kumbukumbu za vikao vya 1921, la Mei hadi Desemba, na orodha ya waumini wa mwaka huo. Linganisha majina na ya wajumbe wa halmashauri ya jiji. Halmashauri ile ndiyo iliyopitisha, 7 Juni, sheria ya ujenzi ya kuzuia moto iliyomtaka mwenye kiwanja Greenwood ajenge kwa matofali ghali au asijenge, mpaka wakili B.C. Franklin, akifanyia kazi hemani, alipoipinga mahakamani na ikaanguka. Daftari likiwa kimya, andika kwamba liko kimya. Kazi hii ifanywe na watu watatu au wanne, mmoja wao mtunza nyaraka asiye muumini wa hapo, na isomwe mbele ya usharika wao wenyewe kabla haijapelekwa kwingine. Makanisa mengi huruka hatua hii, yakaenda kuungama mambo ya jumla mbele ya Weusi ilhali waumini wao hawajui kilichoandikwa.

Kisha nendeni mkasikilize, kwenye kanisa la wenzenu, siku waliyoichagua wao, bila kamera. Maungamo yawe mafupi na yataje tendo, tarehe na aliyetenda. Msiombe msamaha ujibiwe papo hapo. Kumsimamisha mjukuu wa mtu aliyechomewa nyumba, mbele ya watu 600, ukasubiri amkumbatie mchungaji, ni kumtwika mzigo wa pili.

Fedha ndipo wengi wanapokwama. Huanzisha mradi wao, wakauita huduma, wakauendesha wenyewe, na Greenwood ikageuka mpokea sadaka. Malipizi hayaamuliwi na mlipaji. Napendekeza kiasi kinachouma kidogo na kisichokatika: asilimia mbili ya bajeti ya kila mwaka kwa miaka kumi. Kanisa lenye bajeti ya dola milioni moja litakuwa limetoa 200,000, likiziweka kwenye mfuko unaosimamiwa na wazao wa Greenwood. Kwa maneno mengine, ingizeni kwenye bajeti, si kwenye kikapu cha Jumapili ya mwisho wa Mei. Kikapu hicho hujaa mwaka wa maadhimisho, na mwaka unaofuata hakipitishwi kabisa.

Mahakama imekwisha kufunga mlango. Kesi ya manusura wa mwisho, Viola Fletcher, Lessie Randle na Hughes Van Ellis, ilitupwa na Mahakama ya Juu ya Oklahoma Juni 2024, Van Ellis akiwa amefariki tayari. Mwaka uliofuata Monroe Nichols, meya wa kwanza Mweusi wa Tulsa, alitangaza mfuko wa dola milioni 105, ambao kati yake milioni 24 ni za makazi. Ni mfuko unaotegemea wachangiaji binafsi, na taasisi za dini ni miongoni mwa wenye mali kongwe mjini.

Kuna kazi nyingine isiyohitaji hundi. Katika makaburi ya Oaklawn jiji limekuwa likifukua tangu 2020 kuwatafuta waliozikwa bila alama. Julai 2024 mmoja alitambuliwa: C.L. Daniel, askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Vinasaba vilisaidia, na ikapatikana barua ya mwaka 1936 iliyoandikwa kwa niaba ya mama yake kudai haki zake, ikaeleza kwamba mwanawe aliuawa Tulsa. Karatasi ile ilikaa kwenye jalada la serikali karibu miaka 90. Rejista za ubatizo, barua za kuhamisha ushirika na orodha za wagonjwa waliohudumiwa Juni 1921 huenda bado zimo makanisani, nyingine labda ndani ya maboksi ambayo hayajafunguliwa, na majina mengi ya Oaklawn hayajapatikana.