Homa ya papasi: ikishuka, usiseme umepona

Shangazi yangu wa Chamwino aliugua siku tatu, anatetemeka, kichwa kinamgonga. Ya nne akalowa jasho, homa ikashuka, akaenda shambani. Baada ya wiki ikarudi. Zahanati wakampima malaria kwa kipimo cha haraka: hana. Akapewa panadol. Ilipomrudia mara ya tatu, mtaalamu wa maabara wa kituo kingine alichukua tone nene la damu, akaliweka chini ya hadubini, akaona vidudu vyembamba vilivyojisokota katikati ya chembe za damu. Homa ya papasi.

Sisi wa Ugogo, huku Dodoma, papasi tunawajua: ni aina ya kupe, na ndio wanaoambukiza homa hii. Wanakaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za nyumba zetu za tembe, usiku wanatoka, wananyonya damu na kurudi ufani kabla hujaamka. Robert Koch aliwachunguza huku Afrika Mashariki mwaka 1905 akakuta vimelea hadi ndani ya mayai yao. Papasi anawarithisha wanawe.

Kinachonishangaza ni namna bakteria wa homa hii, Borrelia duttonii, anavyoukwepa mwili. Juu ya ngozi yake kuna protini, kama kanzu. Mwili ukishaitambua, unatengeneza kingamwili za kanzu hiyo hiyo, bakteria wanakufa kwa mamilioni, na hapo ndipo mgonjwa anapotoka jasho. Lakini wachache walishabadilisha kanzu kabla. Katika ndugu yake wa Marekani, Borrelia hermsii, wanasayansi wameona jinsi inavyofanyika: jeni nyingi za protini hizo zimelala kimya, moja ikinakiliwa mahali pa kusomwa, kanzu mpya inavaliwa. Kingamwili za jana hazimjui. Wale wachache wanazaana, homa inapanda upya.

Kwa hiyo shangazi hakuwa amepona hata siku moja kati ya zile alizolima.

Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa wengi, sikipingi. Kinachonikera ni hadubini kuachwa kabatini imefunikwa kitambaa, wakati dawa kama doksisaiklini ipo na ni ya bei nafuu. Mjamzito akiugua homa hii anaweza kupoteza mimba, au mtoto akafa siku za mwanzo. Mtoa huduma huku kwetu amuulize mgonjwa: homa hii imekuja mara ya ngapi, na unalala wapi? Na damu ichukuliwe mwili ukiwa wa moto. Homa ikishashuka, vimelea huwa wachache mno kwenye damu, na slaidi itasema hakuna kitu.