Nodi isiyo na mashine

Kubernetes ni mfumo wa kuendesha kontena, yaani programu zilizofungashwa na mahitaji yake, juu ya kundi la mashine liitwalo klasta; kila mashine humo huitwa nodi. Orodhesha nodi za klasta inayotumia Virtual Kubelet, na mojawapo utaikuta haina mashine. Ina jina, inaripoti kwamba iko tayari, inatangaza nafasi tele. Nyuma yake kuna programu tu, inayopokea podi (vifurushi vya kontena moja au zaidi) na kuzikabidhi kwa huduma ya wingu, kama vile Azure Container Instances, ziendeshwe huko. Programu hiyo ndiyo Virtual Kubelet, mradi uliotangazwa na Microsoft mwaka 2017.

Wanaoutetea wana hoja nzito, nami nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kazi ya usiku inayotaka podi 200 kwa dakika 20 haikulazimishi kuweka seva zitakazolala mchana kutwa; unalipia muda ambao kontena liko hai, basi. Maelezo ya podi hayabadiliki sana: unaongeza kibali cha kuingia kwenye nodi hiyo, ambayo kwa kawaida huwekewa alama ya kuzuia podi zisizoalikwa.

Ila klasta inaamini kuwa hiyo ni nodi kamili, nasi tunaamini pamoja nayo. Chukua logi, yaani kumbukumbu ambazo programu huandika inapofanya kazi. Timu nyingi huzikusanya kwa programu inayowekwa moja kwenye kila nodi, ikisoma mafaili ya diski ya nodi hiyo. Hapa hakuna diski ya kusoma, kwa hiyo programu hiyo haina pa kukaa. Podi inakufa saa tisa usiku, inafutwa, na asubuhi unatafuta sababu unakuta patupu. Nimeona watu wazoefu wakihangaika hivyo siku mbili nzima, hadi walipoweka mkusanyaji wa logi ndani ya kila podi.

Kisha kuna imeji, kile kifurushi kinachopakuliwa ili kontena lianzishwe. Nodi ya kawaida huhifadhi imeji iliyokwisha kupakuliwa. Kwenye nodi isiyo na mashine, mtoa huduma wa wingu asipokuwa na hifadhi yake, kila podi inapakua upya: imeji ya gigabaiti 4 kwa podi 200 ni gigabaiti 800, na ile kasi iliyokuvutia inaishia njiani.

Kwa huduma inayokesha, inayoulizana na hifadhidata kila sekunde, singeitumia. Bili mara nyingi hupita ya mashine ya kudumu, na umbali wa mtandao unahisika. Kwa kazi zenye mwanzo na mwisho ningeitumia kesho, lakini kwanza ningeua podi moja kwa makusudi, kisha nikatafute logi zake.