Kozi ya mtandaoni isiyohitaji kuulizia njia

Ukitaka kujua kama kozi ya mtandaoni imepangika, usimuulize mhadhiri wake. Pitia kundi la WhatsApp la darasa uone wanachoulizana: "Jamani, asaimenti ya pili iko wapi?" "Kwizi inafungwa lini?" Anayejibu ni CR, yaani mwakilishi wa darasa, na hujibu hayo hayo kila wiki. Hapo notsi zote zinaweza kuwa zimo kwenye mfumo wa chuo, lakini anayejua zilipo ni mtu mmoja tu, tena halipwi.

Ndiyo maana wapo wanaotaka vyuo viweke muundo mmoja kwa kozi zote: ukurasa wa kwanza ufanane, kazi za kukusanya zikae mahali pamoja, mafaili yaitwe majina yanayoeleweka. Hoja yao ina uzito. Mwanafunzi mwenye kozi sita, kila moja imepangwa kivyake, anajifunza mipangilio sita kabla hajasoma ukurasa hata mmoja.

Kwenye simu shida huongezeka. Vyuo vingi vya Tanzania vinatumia Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, na tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022, programu hiyo huonyesha orodha ya sehemu za kozi upande wa kushoto wa skrini. Kwenye simu orodha hiyo hujificha nyuma ya kitufe. Mhadhiri anayepanga kozi kwa kompyuta ya ofisini anaiona muda wote. Mwanafunzi aliyepanga chumba Pasua, Moshi, na bando lake la siku, anashusha kidole kwenye ukurasa usio na mwisho. Akifungua faili liitwalo "Lecture mpya FINAL 2" akakuta silo, MB zimekwenda.

Wahadhiri wanaopinga nao si wakaidi tu. Uhasibu hupanda ngazi kwa ngazi, ilhali kozi ya maendeleo ya jamii inaweza kuirudia mada moja mara tatu kwa sura tofauti. Ukizibana zote kwenye kiolezo kimoja, utapata vichwa kama "Wiki ya 9: Majadiliano" visivyo na kitu chini yake, vimewekwa ili mkaguzi wa ubora aridhike. Kozi mbovu yenye sura nadhifu ni mbaya zaidi, kwa sababu inachelewa kugundulika.

Penye ubishi hasa ni kama kozi igawanywe kwa wiki au kwa mada. Moodle inakubali yote mawili. Wiki humsaidia aliyetoka kidato cha sita juzi, aliyezoea kengele na ratiba. Lakini vyuo vya Arusha na Moshi vina mwanafunzi wa aina nyingine: mwongoza watalii au mpagazi anayesoma huku akifanya kazi. Januari na Februari, muhula ukiwa umepamba moto, Mlima Kilimanjaro nao umejaa wageni. Safari ya njia ya Lemosho huchukua siku saba au nane. Akishuka, wiki nzima imempita na kwizi imefungwa. Kozi ya mada angeweza kuipakua sehemu nzima kwenye aplikesheni ya Moodle kabla ya kupanda, akaisoma kambini bila mtandao.

Ila mada zisizo na tarehe zina mtego wake. Mtu huahirisha na kuahirisha mpaka UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inabisha hodi, kisha anapakua mada tisa kwa usiku mmoja.

Kwa maoni yangu, chuo kilazimishe mambo matatu tu: pa kuanzia, mahali pa kazi zote pamoja na tarehe zake, na utaratibu wa majina ya mafaili. Mengine aachiwe mhadhiri. Mgawanyo uwe wa mada, na kila mada ipewe majuma mawili yaliyoandikwa kwenye kichwa chake: "Mada ya 4: Mizania, 3–16 Novemba." Hapo wa bweni anajua aliko, na wa mlimani ana nafasi ya kupumua.

Linalokwepwa ni gharama. Kupanga upya kozi moja ni kazi ya siku kadhaa, na mhadhiri mwenye madarasa manne hawezi kuifanya usiku kwa hisani. Chuo kinachotaka utaratibu huu kiuingize kwenye hesabu ya mzigo wa kazi, sawa na saa za kufundisha darasani. Vinginevyo CR aendelee kujibu.