Ukungu ni ule ule

Jana asubuhi nimepata ujumbe kwamba diski niliyoagiza inatumwa wiki hii. Ni The Red Shoes, sinema ya Waingereza ya 1948, kopi iliyosafishwa upya. Niko Leicester, hapa Uingereza, mwaka wa kumi na moja sasa, na sikumbuki mzigo niliousubiri kwa hamu hivi.

Hadithi ni ya binti mcheza baleti, mapenzi yanamvuta huku, jukwaa linamvuta kule. Lakini kilichonishika mimi ni habari za mkanda wenyewe. Kamera za sinema za rangi za Technicolor za enzi zile zilipitisha mikanda mitatu kwa mpigo, kila mmoja ukichukua rangi yake. Miaka ikaenda, mikanda ikasinyaa, rangi zikaacha kukaa pamoja, na ukungu ukaota juu yake. Mafundi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakisaidiwa na taasisi ya Martin Scorsese, yule mwongozaji sinema wa Marekani, wakaisafisha picha moja moja. Piga hesabu: dakika 134, picha 24 kila sekunde, mara mikanda mitatu. Ni zaidi ya 570,000! Mwaka 2009 ikaonyeshwa kwenye tamasha la sinema la Cannes, Ufaransa.

Niliposoma neno ukungu nikaweka simu chini.

Ukungu naujua. Juu ya kabati la mama, Temeke, kuna mikanda ya VHS ya michezo ya Kaole, lile kundi la maigizo ya televisheni, aliyokuwa akirekodi mwenyewe na kuandika tarehe kwa kalamu ya bluu. Masika ikipita, ukiinua kile kifuniko unakuta unga mweupe ukingoni mwa utepe. Tulifuta kwa pamba na spiriti, na bado deki iliutafuna. Nilipokuja likizo juzijuzi nikaenda kituo kimoja cha televisheni kuulizia michezo ya zamani. Kijana wa watu akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, ile mikanda ilishafutwa, wakarekodia mambo mengine." Nikarudi nyumbani kwa miguu.

Najua mtakayosema. Kaenda Ulaya, sasa anatufundisha. Watu hawana maji, yeye analilia maigizo. Ndugu zangu, ndoo nimebeba na mgao nimeulalia gizani kama ninyi. Na wala sisemi wazungu wametuzidi akili. BBC yenyewe, miaka ya 60 na 70, ilifuta vipindi vyake chungu nzima, vya Doctor Who, tamthilia yao ya msafiri wa nyakati, vikiwemo. Mnajua vingine vilikutwa wapi? Jos, Nigeria! Mwaka 2013 vilitangazwa vipindi tisa, vilivyokuwa vimekaa stoo ya kituo cha televisheni. Walichofuta wao, kilisalimika kwa Waafrika. Hiyo nawasimulia wenzangu kazini kifua mbele.

Kwa hiyo asiniambie mtu kilichopoteza michezo yetu ni joto, ni masika, ni umaskini. Jos nako pesa haziokotwi. Mchezo uliokuwa ukianza mtaa mzima unanyamaza, watu wamejaa sebuleni kwa jirani mpaka dirishani, leo mtoto aliyezaliwa 2005 huna cha kumwonyesha. Utamsimulia tu. Huku nilipo, sinema iliyotengenezwa kabla bibi yangu hajaolewa naletewa mlangoni, na viatu vyake vyekundu vinawaka kama vilipakwa rangi jana. Nafurahi, na furaha yenyewe inaniuma.

Jana jioni nikampigia mdogo wangu. Nimemwambia mikanda ya mama asithubutu kumpa mtu wa vyuma chakavu. Aishushe kabatini, aifute vumbi, aiweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na mchele mkavu umefungwa kwenye kitambaa ndani yake, unyevu usiifikie. Yeye anaona najisumbua bure. Hela ya ndoo nimeshamtumia. Desemba nakuja na deki.